Sanduku Lina Funguo Tatu, Simu Je? Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

  

Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuiona siku hii ya leo. Wenzetu wawili tuliokuwa nao siku ya kwanza hatunao tena. Tunamwomba Mungu awalaze mahali pema peponi. Wangekuwepo leo wangecheza ngoma kuliko sisi sote.

Taarifa ya maendeleo ameshaisoma Katibu, na hesabu zote zimo humu kijitabuni, kwa hiyo mimi sitazirudia. Itoshe kusema kwamba mwaka 2015 tulikuwa akina mama 22 chini ya mwembe, hisa moja shilingi 2,000, na watu hapa Muheza walitucheka. Walisema hawa wataachana kabla machungwa hayajaiva. Haya, machungwa yameiva mara kumi, na sisi tuko 30.

Kamati ya sherehe iliniambia niseme juu ya mafanikio. Nikawaambia jamani, mafanikio watayaona wenyewe, mabati yanaonekana na watoto wanaokwenda sekondari wanaonekana. Mimi niacheni niseme juu ya simu. Wakashangaa. Simu tena? Nikasema ndiyo, simu, kwa sababu kikundi hiki kilitaka kufa mwaka 2019, na kilichotaka kukiua ni kitu kinachoingia kwenye kiganja. Na jambo lile halijasemwa hadharani hata siku moja. Leo nitalisema, na nimeomba liandikwe.

SANDUKU NA FUNGUO ZAKE

Wageni wetu, mnaliona lile sanduku pale mezani. Lina kufuli tatu, na kila kufuli ina mshika ufunguo wake, na hao watatu hawatoki nyumba moja. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Likifunguliwa, linafunguliwa mbele ya wote, hela zinahesabiwa kwa sauti, na kila mtu anaziweka kichwani. Mtu akitaka kuiba itabidi awashawishi wenzake watatu na mtunza sanduku. Ndiyo maana kwa miaka minne hatukupoteza hata shilingi mia.

Halafu tukaendelea. Mwanachama akisafiri anataka kulipa marejesho kutoka huko huko aliko. Wateja wa Tanga mjini wanataka kulipa kwa simu. Tukasema na sisi tununue simu ya kikundi. Tukanunua moja, imetumika, kwa kijana wa stendi. Tukaweka laini, tukafungua huduma ya pesa, na mweka hazina akawa mtunzaji.

Sasa nawauliza, simu ile tuliiwekea funguo ngapi? Mmoja tu! Namba ya siri ya tarakimu nne. Na ufunguo huo mmoja tuliuweka wapi? Tuliuandika kwa kalamu kwenye kikaratasi, tukakikunja, tukakiweka chini ya betri ya simu ile ile. Yaani umefunga nyumba, halafu ufunguo umeutundika mlangoni. Sanduku la mbao lenye elfu hamsini lilikuwa na kufuli tatu. Simu yenye laki nane haikuwa na kufuli ya maana. Hakuna aliyeona ajabu, na mimi mwenyekiti ndiye wa kwanza kutoona.

SIKU ILE YA ALHAMISI

Ilikuwa Desemba 2019. Wote mnakumbuka mwezi ule. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, na mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba, kabla haujasogezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020. Watu walikuwa wamejipanga foleni kwa mawakala tangu alfajiri. Kila mtu alikuwa na hofu ya kufungiwa laini.

Mweka hazina wetu alikwenda Tanga mjini kumwuguza mama yake, akaniachia simu ya kikundi siku tatu. Alhamisi, kwenye saa nne asubuhi, niko jikoni nakaanga maandazi, simu ikaita. Kijana ana sauti ya upole, ananiita mama. Akasema anapiga kutoka makao makuu ya mtandao, laini hii bado haijahakikiwa na itafungwa leo saa sita, na pesa iliyomo itarudi serikalini. Akaniambia, "Lakini usijali mama yangu, nakusaidia hapa hapa."

Akaniambia bonyeza hivi, bonyeza moja, andika namba hii, ndiyo namba ya ofisi ya uhakiki. Nikaandika. Akasema sasa andika namba ya fomu yako, nane sita sifuri sifuri sifuri sifuri. Nikaandika. Akasema malizia na namba yako ya siri, lakini mimi usinitajie, ni siri yako. Jamani, neno hilo ndilo lililonimaliza. Nikasema huyu ni mwaminifu, hata namba hataki kuisikia!

Ndugu zangu, ile haikuwa namba ya fomu. Ilikuwa shilingi 860,000. Na namba ya ofisi ilikuwa namba yake. Mimi kwa kidole changu mwenyewe nilimtumia. Simu iliuliza kama nina hakika, lakini menyu ilikuwa ya Kiingereza, na mimi ni wa darasa la saba, na miwani nilikuwa nimeiacha chumbani. Sikujua kwamba menyu inaweza kugeuzwa ikawa ya Kiswahili. Halafu akaniambia nizime simu kwa saa mbili ili uhakiki ukamilike. Nikazima. Kumbe ananizuia nisione ujumbe wala nisipige kulalamika mpaka amalize kuzitoa.

Nilipowasha nikauona ujumbe. Ile lugha sikuijua, lakini ile tarakimu niliijua.

NILICHOFANYA BAADAYE

Hapa ndipo penye uzito, na naomba mnivumilie.

Kutapeliwa si dhambi. Kila mtu anaweza kutapeliwa. Dhambi yangu ni ile iliyofuata. Niliufuta ujumbe ule. Jioni mweka hazina aliporudi amechoka na safari, nikampa simu yake, nikampa na maandazi, nikamwuliza hali ya mama. Sikusema kitu.

Jumamosi kwenye kikao tukaangalia salio, hela hazipo. Zilikuwa za mgao wa mwisho wa mwaka, na Januari shule zinafunguliwa. Kelele zikawa kubwa. Mweka hazina akasema kweli, kwamba simu aliiacha kwangu siku tatu. Macho yote yakanigeukia. Nami nikasema maneno haya, nayakumbuka yalivyo: "Ilikuwa kwangu, lakini sikuigusa."

Mkaniamini. Mimi ni mkubwa kwa umri, ndiye niliyeanzisha kikundi, tena ni mtu wa kusali. Yeye alikuwa msichana wa miaka thelathini, mume yuko mbali, na wiki ile alikuwa ametumia hela nyingi hospitalini kwa mama yake. Basi watu wakajumlisha wenyewe. Bombani akifika, mazungumzo yanakatika. Kitenge alichonunua zamani kikaitwa kitenge cha kikundi. Mgao ukaahirishwa. Siku nane mtoto wa watu alibeba mzigo wangu, na mimi nampita njiani namwitikia shikamoo yake.

Katibu akasema Jumatatu ataenda dukani kwa watu wa mtandao kuomba taarifa ya miamala, ionekane hela zilitoka siku gani na saa ngapi. Jumapili usiku sikulala. Kulipokucha nikaenda kugonga mlango wa mweka hazina. Sitaki mniite mtu mwema kwa hilo. Nisiwadanganye tena. Nilikwenda kwa sababu karatasi ilikuwa inakuja.

Kikundi kiliniadhibu kwa haki. Mlinivua uenyekiti, mkanirudisha mwaka 2022. Nililipa shilingi 86,000 kila mwezi, miezi kumi, kwa machungwa na maandazi, mpaka ikaisha. Mweka hazina tulimrudishia kazi yake siku ile ile, akaikataa. Aliikubali tena mwaka 2021, baada ya sisi kumwendea nyumbani mara tatu.

Lakini yale yalikuwa mambo ya ndani. Huko nje, sokoni na stendi, wako wanaosema mpaka leo, "Yule alikula hela za akina mama." Hawajui habari ya pili, wanajua ya kwanza tu. Ndiyo maana nimeomba leo niseme mbele ya Mheshimiwa Diwani na mbele ya waume zetu. Mweka hazina, mdogo wangu, simama watu wakuone. Huyu hakuchukua hata senti. Aliyezituma ni mimi, aliyenyamaza ni mimi, aliyesema uongo ni mimi. Nakuomba radhi mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipokuvunjia heshima. Atakayesema tena, mwonyesheni ukurasa huu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ningepiga kelele saa ile ile, huenda hela zingezuiwa kabla hazijatolewa. Aibu ndiyo rafiki mkubwa wa tapeli. Yeye anategemea kwamba utaona haya kusema.

TULIVYOIWEKEA SIMU KUFULI TATU

Sasa nieleze tulichojifunza, ili vikundi jirani wasipite njia ile ile. Mengine tulifundishwa na binti wa mwanachama wetu aliyesoma mambo ya kompyuta, mengine tulifundishwa na maumivu.

Kufuli ya kwanza ni namba na vizuizi. Kikaratasi cha chini ya betri tulikichoma moto kwenye kikao. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala 1234, wala mwisho wa namba yako ya simu. Mtu wa mtandao wa kweli hakuombi namba ya siri, wala hakuongozi kubonyeza huku mnaongea. Akikwambia "bonyeza hivi," kata simu. Kama una wasiwasi, piga mwenyewe namba 100 ya huduma kwa wateja uulize. Na menyu ya pesa iwe kwa lugha unayoielewa. Kila mwanachama wetu sasa menyu yake ni ya Kiswahili, tuliwapitia mmoja mmoja.

Tena fedha za kikundi hazikai tena kwenye laini ya mtu mmoja. Ziko kwenye akaunti ya kikundi, ambayo mmoja anaanzisha malipo na wengine wanaidhinisha kwa simu zao. Ni sanduku lile lile la kufuli tatu, ila sasa halina mbao.

Simu yenyewe nayo ifungwe. Simu janja ina kufuli ya namba au ya kidole, itumieni. Na laini nayo ina kufuli yake, ambayo wengi hatukuijua. Mwaka 2021 mwanachama mmoja aliporwa simu stendi. Simu ilikuwa imefungwa vizuri, lakini mwizi alichomoa laini akaiweka kwenye simu nyingine, akaanza kupokea ujumbe wake wote. Laini ikiwa na namba yake ya siri, haifunguki kwenye simu nyingine mpaka namba ile iandikwe. Lakini angalieni, ukikosea mara tatu laini inajifunga, na itabidi upate namba ya kuifungulia, ile wanayoiita PUK. Kwa hiyo usikisie. Fuata kadi iliyokuja na laini, au nenda dukani wakusaidie.

Mwenye kitochi asiseme haya hayamhusu. Mimi nilitapeliwa kwenye kitochi.

Kufuli ya pili ni kuifanya simu iwe mpya kila mara, ingawa mwili wake ni wa zamani. Watoto wanasema kuapdeti, Kiswahili chake ni kusasisha. Zamani kile kitangazo cha sasisho kikija, mimi nilikuwa nakifuta. Nilisema hawa wanataka kunila bando. Wengi wenu mlikuwa hivyo hivyo, msinicheke.

Yule binti alitueleza kwa mfano wa bati. Bati likitoboka kwa msumari, hulioni tundu mpaka mvua inyeshe. Programu ya simu ni kazi ya mikono ya watu, kwa hiyo ina matundu. Waliotengeneza wakiliona tundu wanatoa kiraka, na kiraka hicho ndicho sasisho. Lakini wakishatangaza kwamba wameziba, wezi nao wanajua tundu lilikuwa wapi, na wanawatafuta wale ambao hawajaziba. Kwa hiyo usipochukua kiraka, hukubaki ulivyokuwa. Umekuwa mbaya zaidi kuliko jana.

Alitupa na mfano wa kweli. Mwaka 2015, mwaka ule ule tulioanza kikundi, wataalamu waligundua tundu kubwa katika Android, ambayo ndiyo mfumo wa simu janja nyingi tulizo nazo. Waliliita Stagefright. Mtu mbaya angeweza kutuma ujumbe wenye video iliyotengenezwa kwa hila, na kwenye simu nyingine ikaingia hata kabla mwenyewe hajaifungua. Google wakatoa kiraka, na kuanzia Agosti mwaka ule wakaanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Shida ni kwamba kiraka kinapitia kwa kampuni iliyotengeneza simu, na simu nyingi za bei rahisi kampuni zake zinaacha kuvipeleka mapema. Kwa hiyo siku ya kununua msiulize kamera tu. Ulizeni pia, hii simu itapata masasisho mpaka lini?

Kuangalia si kazi ngumu. Ingia kwenye Mipangilio, tafuta palipoandikwa mfumo au kuhusu simu, utaona sehemu ya sasisho. Humo kuna tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Kama ni ya miaka mitatu iliyopita, simu hiyo ipigie simu, isikilizie redio, lakini usiweke humo mambo ya hela. Kabla ya kusasisha, chaji betri ijae na hifadhi picha zako mahali pengine.

Kikundi chetu kina kawaida yake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kuhesabu hisa, kila mwenye simu janja anatoa shilingi 500. Tunanunua bando moja kubwa, simu moja inawagawia wengine mtandao, na tunasasisha kwa zamu, programu za benki na za pesa kwanza. Tunaiita Jumamosi ya Simu. Usipochanga kwa sababu huna, bado unahudumiwa. Simu mbovu ya mmoja ni mlango wa wote, maana majina yetu yote yamo humo.

Mwanachama mmoja alichelewa kuyaelewa haya. Simu yake ilikuwa ya zamani mno, na tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp waliacha kuzihudumia simu zenye Android ya chini ya namba 5. Badala ya kuja kwetu akaenda kwa kijana wa stendi, akarushiwa kwa bluetooth WhatsApp isiyo ya wenyewe. Ndugu zangu, programu ichukueni kwenye duka lake, Play Store, si kwa kurushiana. Inayorushwa hujui imebeba nini tumboni. Tulimkopesha kutoka mfuko wa jamii akanunua simu nyingine, na amerejesha.

Na zile tarakimu sita ambazo WhatsApp inakutumia, hata ndugu yako usimpe. Ukimpa mtu zile, umempa jina lako. Atawaandikia wenzako kwamba mtoto wako yuko hospitalini, wamtumie hela. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp kuna uthibitishaji wa hatua mbili, unaweka namba yako nyingine ya siri. Sisi wote 30 tunayo.

Kufuli ya tatu ni macho ya wenzako. Hii ndiyo kubwa. Kila ujumbe wa hela unaokushtua, mwonyeshe mwenzako kabla hujafanya kitu. Ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewapata wengi, kwa sababu unakukuta kweli una deni la kulipa. Sheria yetu ni kwamba mwanachama akiomba hela kwa ujumbe, anapigiwa, anaongea, na anaulizwa jambo la kikao kilichopita ambalo mtu wa nje hawezi kulijua.

Hali kadhalika mikopo ya kwenye simu. Najua wako humu waliokopa kwa siri, sitataja mtu. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, nawe unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Unakopa 50,000. Ukichelewa siku mbili, ujumbe unakwenda kwa mkwe wako, kwa shehe, kwa mwalimu wa mtoto, kwamba wewe ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Tena tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Majina yaliyomo kwenye simu yako si mali ya mkopeshaji. Ingieni kwenye Mipangilio, sehemu ya programu, muone kila moja imepewa ruhusa gani. Tochi inataka majina ya wakwe zangu ya nini? Futa!

Na kukopa, jamani, kopeni hapa. Riba tunaijua, tunairudishiana wenyewe mwisho wa mwaka, na hakuna atakayemwandikia mkwe wako.

LIKITOKEA

Likitokea, usizime simu, usifute ujumbe, usikae kimya. Piga namba 100 hapo hapo waombe wazuie. Namba ya tapeli ipelekeni 15040. Kaandikishe polisi, upewe namba ya RB. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana unaweza kukuta wewe ni mmiliki wa laini usiyoijua. Na simu ikiibiwa utaulizwa namba yake ya utambulisho, ile ya tarakimu 15. Ipateni leo kwa kupiga *#06#. Sisi namba hizo zimeandikwa zote kwenye daftari, na daftari linalala ndani ya sanduku.

Halafu njoo useme kikaoni. Tumeweka kanuni tangu 2020, imo kwenye katiba yetu. Mwanachama aliyetapeliwa akasema siku ile ile hatozwi faini wala hachekwi. Anayetozwa faini ni anayecheka, shilingi 1,000. Na anayeficha, adhabu yake inaamuliwa na kikao. Mimi naijua adhabu hiyo.

Tangu kanuni ile iwekwe, wenzetu watano wamekuja kusema. Wawili kati yao waliwahi, hela zao zikazuiwa na kurudishwa. Watatu hawakuwahi, zimekwenda. Lakini hakuna jirani hata mmoja aliyesingiziwa kwa ajili yao. Kwangu mimi hilo ndilo fanikio la kikundi hiki.

MWISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni dogo. Mafunzo haya ya simu yafike kwenye vikundi vyote vya kata, na yatolewe kwa Kiswahili cha kueleweka, wakati ambao mwanamke hayuko jikoni. Binti wetu yuko tayari kufundisha, akiwezeshwa nauli tu.

Waume zetu, tunawaomba msiwe na namba za siri za wake zenu. Mkiwapenda waacheni waweke kufuli. Na nyinyi wake zao, hivyo hivyo.

Wanakikundi wenzangu, haba na haba hujaza kibaba, hilo tumelionyesha kwa miaka kumi. Sasa tuangalie kibaba kisitoboke. Msione haya kumwuliza mtoto, msione haya kuvaa miwani, na msione haya kusema nimekosea. Mimi nimesema leo, na mnaniona bado nimesimama.

Mweka hazina, mdogo wangu, keki ukate wewe. Kisu kile pale.

 Akina mama, hoyee! Kikundi, hoyee! Jumamosi ijayo ni Jumamosi ya Simu, msisahau chaja.